Mwizi Mmoja wa Tondooni

Hapo zamani, siku ya Jumatatu, tarehe kumi na nne ya Mfungo Tano, saa nne za asubuhi, alifariki gerezani mwizi wa mji wa Tondooni. Aliitwa mwizi wa mji kwa kuwa mji ule ulikuwa na mwizi mmoja tu, naye ni yeye. Jina lake Vuai bin Khatibu. Alikuwa na ndugu mmoja, mdogo wake, aitwaye Pandu, na saa ile Pandu alikuwa uani kwa watu akifua nazi. Akaja askari wa gereza, akasimama mbele yake, akamwambia, "Pandu, Mungu akupe subira." Pandu akaifua nazi iliyokuwa mkononi mwake mpaka ikaisha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, kisha akaiweka chini akasema, "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea."

Vuai kuiba aliiba, na Pandu hakulikanusha hilo. Mwaka wa njaa, mkewe akiwa kitandani hajiwezi, alichukua kuku mmoja wa jirani yao, Bi Mkasi, akakamatwa kuku yu kwapani analia, kabla hajafika mlangoni kwake. Mtu aliyezoea wizi angalimfunga kuku mdomo. Mke yule naye hakukaa. Alitangulia mbele ya haki kabla mumewe hajahukumiwa.

Sasa kabla ya kukamatwa Vuai, Waziri wa mji, Sefu bin Abeid, alikuwa kila Ijumaa baada ya sala husimama mbele ya Sultani akasema, "Maulana, Tondooni hakuna mwizi." Na Sultani humjibu, "Alhamdulillahi." Si kwamba vitu havikupotea. Vilipotea sana. Lakini aliyeviiba hakuonekana, na asiyeonekana Waziri hakumhesabu. Basi alipokamatwa Vuai ikawa faraja kubwa kwa watu. Aliyepotelewa na mbuzi zamani alijua sasa mbuzi wake alikwenda wapi. Aliyepungukiwa na mchele ghalani alijua nani aliupunguza. Waziri akasimama Ijumaa ile akasema, "Maulana, mwizi alikuwapo mmoja, naye tumemtia gerezani." Na vitu vilipoendelea kupotea ilhali Vuai yumo gerezani, watu walisema bila shaka hutoka na kurudi. Askari wa gereza hawakusema neno, kwani wangesema kuwa hatoki, watu wangeuliza ni nani basi, na swali hilo hakuna aliyelitaka.

Maiti akakoshwa, akakafiniwa. Pandu ndiye aliyemkosha, akaona mbavu zake zote. Na desturi ya Tondooni ni kuwa jeneza halinyanyuliwi mpaka mrithi asimame mbele ya watu atangaze. Pandu akasimama, akasema, "Jamaa, mwenye kumdai marehemu aseme, deni lake ni juu yangu. Na mwenye kuweza kusamehe, asamehe."

Sauti ya Bi Mkasi ikatoka ndani, walikokaa wanawake. "Mimi namdai kuku mmoja. Nimemsamehe duniani na akhera. Pandu, mwanangu, mpelekeni, jua linapanda."

Pandu akadhani yamekwisha. Mara Bwana Ngwali, tajiri wa samli na nafaka, akakohoa, akasema, "Mimi namdai mapipa ya samli."

Mtu wa pili akasema, "Mimi namdai punda."

Wa tatu akasema, "Mimi namdai mke." Watu wakamgeukia. Akasema, "Alitoweka mwaka ule ule. Mnataka nimdai nani?"

Basi ikawa kila mtu ana lake. Aliyekuja kumzika akakumbuka kitu, na asiyekuja akatuma mtu. Mwisho akasema Waziri, "Nayo Serikali inamdai mablanketi ya wafungwa, yote. Yamepotea tangu alipoingia gerezani." Kisha akamwambia Pandu, "Mzikeni. Lakini maiti mwenye madeni namna hii hasomewi khitma katika msikiti wa Ijumaa mpaka mrithi wake arudishe."

Wakamzika alasiri.

Pandu hakuumizwa na maneno ya watu, kwa kuwa alikuwa amezoea kusemwa. Mji mzima ulimhesabu kuwa punguani, sababu akiambiwa jambo hulifanya kama alivyoambiwa. Bibi mmoja alipata kumwambia, "Fua nazi mpaka nirudi," kisha akaenda arusini mji wa pili akakaa huko. Aliporudi akakuta Pandu amezimaliza nazi zake, na za jirani, na anaomba za mtaa wa tatu. Lakini jambo moja lilimkaa moyoni. Chuoni, alikosomea Kurani, alifundishwa kwamba roho ya maiti hufungwa na deni lake mpaka lilipwe. Basi kila alipofumba macho alimwona Vuai amesimama mahali peupe, amefungwa kamba moja na punda, na mapipa ya samli, na mke wa mtu, naye anajaribu kwenda mbele hawezi.

Jumatano, siku ya tatu ya matanga, mpiga mbiu akapita njiani na pembe yake, akitangaza kwamba shuka ya Bwana fulani imetoweka kambani, na kwamba Vuai bin Khatibu ameiba tena. Pandu akamfuata, akamshika mkono kwa adabu.

"Bwana wangu, alipita njia gani?"

"Nani?"

"Vuai. Nauliza kwa kuwa mimi nilikuwa makaburini tangu alfajiri, na udongo uko vile vile nilivyousawazisha. Kama ametoka, nataka nimpelekee chakula."

Mpiga mbiu akatazama pembe yake. "Pandu, mimi napiga pembe, nasema nililoambiwa. Usinitie matatani."

"Sikutii. Ila ukimwona, mwambie ndugu yake anamtafuta."

Akatoka hapo akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani. Akamkuta amekaa na Waziri wake, na Bwana Ngwali, na wakubwa wengine, wanakunywa kahawa. Akapiga magoti, akasema, "Maulana, nimekuja kuomba khitma ya ndugu yangu."

Waziri akasema, "Na madeni, ewe punguani?"

Sultani alikuwa mtu wa kupenda kuchekeshwa, na siku ile hakuwa na la kumchekesha. Akasema, "Ewe Pandu, desturi ni desturi. Rudisha kila alichoiba ndugu yako kabla ya Ijumaa. Ukirudisha, khitma itasomwa, na mimi mwenyewe nitakaa mkekani niitikie. Usiporudisha, hatatajwa katika dua ya mji huu maadamu mimi ni Sultani."

Wakubwa wakacheka, kwa kuwa walijua Pandu hana hata kamba ya kumfungia huyo punda. Pandu akangoja wamalize.

"Maulana, nirudishe kila kitu?"

"Kila kitu, hata sindano."

"Popote kilipo?"

"Popote kilipo."

"Na mtu akinizuia?"

"Akuzuiaye wewe amezuia amri yangu, na cha moto atakiona."

"Nimesikia na nimetii," akasema Pandu. "Basi naomba ruhusa niingie majumbani mwa watu wote wa Tondooni, nyumba baada ya nyumba."

Waziri akaweka kikombe chini. "Uingie kufanya nini?"

"Kuvichukua vitu, Bwana Waziri. Kwetu nimetafuta, hamna. Sisi tuna chumba kimoja, na chumbani mna kitanda na mtungi. Nimetazama chini ya kitanda, nimetazama ndani ya mtungi, sikuona punda wala samli. Nikakaa nikafikiri. Ndugu yangu ameiba mji mzima, na vitu vyote hivyo lazima viko mahali. Kuvificha kwa mwizi mwenzake hakuweza, kwa kuwa wewe mwenyewe umesema kila Ijumaa kwamba mwizi mwingine hapana. Hakuwa na budi kuvificha kwa watu wema. Na watu wema ndio nyinyi."

Bwana Ngwali akapaliwa na kahawa. Sultani akamtazama anavyopaliwa, akamtazama na Waziri, akaona hapa pana mchezo. Akasema, "Haki. Nimekwisha kusema popote kilipo, na neno langu silirudishi."

Waziri akasema, "Maulana, hii ni aibu, mfua nazi kuingia nyumba za waungwana."

"Aibu ya nini, nawe umeibiwa? Anakutafutia mali yako."

Pandu akasema, "Tena, Maulana, naomba mpiga mbiu atangaze hivi. Mtu akikuta nyumbani kwake kitu kisicho chake, asiogope. Hana kosa, Vuai ndiye aliyekiweka. Akitoe uwanjani mwenyewe kabla sijafika, wala hataulizwa. Ila nikikikuta mimi ndani, itanibidi nimuulize mwenye nyumba mbona hakukiona."

Sultani akakubali, mbiu ikapigwa.

Kulipokucha, uwanja wa mbele ya msikiti haukuwa na pa kutia mguu. Palikuwa na masinia, na mitungi ya shaba, na milango miwili, na fuawe za kufulia dhahabu, na mbuzi, na kuku wasiojulikana kwao. Sultani akaletewa kiti. Watu wakawa wanakuja kwa aibu, kila mmoja na mzigo wake, na Pandu amesimama anapokea.

Akaja mtu anaburura punda. "Nimemkuta zizini kwangu," akasema. "Vuai amemfunga humo."

"Lini?"

"Siku nyingi. Nilikuwa nampa majani tu nikidhani ni wangu."

Yule aliyedai punda akamtambua, akafurahi, kisha akamtazama mwenziwe kwa muda mrefu, kwa kuwa walikuwa wakila pamoja.

Akaja muuza maziwa, hana kitu mkononi. "Pandu, mimi sina cha kuleta. Lakini nataka kusema kwamba marehemu alikuwa akitia maji katika maziwa yangu."

"Pole sana. Kila siku?"

"Kila alfajiri."

"Hata leo?"

Mtu yule akainama. "Hata leo."

"Kwenye hilo, bwana, mwambie apumzike sasa, ni maiti."

Akaja Bwana Ngwali na watumishi wake wamebeba pishi za kupimia nafaka. Pandu akaingiza mkono ndani ya moja, akagusa nta, imeshindiliwa chini unene wa vidole, hata pishi haipokei mchele wa pishi. Pandu akasema, "Na hii?"

"Vuai," akasema Bwana Ngwali. "Bila shaka aliingia dukani akazitia nta zote."

"Na mchele uliobaki kila ulipompimia mtu, aliuchukua yeye?"

Bwana Ngwali akatazama juu. "Huo ulibaki ghalani kwangu."

"Ndiyo maana hakunenepa," akasema Pandu.

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaja aliyedai mke, akasema amekumbuka vizuri, mke yule alimwacha mwenyewe kwa talaka, basi wamsamehe kwa usumbufu. Kisha akaja mzee mmoja mwenye shamba kubwa, akasema kwamba Vuai alilisogeza jiwe la mpaka likaingia katika shamba la mayatima waliokuwa chini yake, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, na minazi yao ikawa upande wake. Hapo hakuna aliyecheka sana, kwa kuwa mayatima wale hawakudai chochote. Hawakujua kuwa wameibiwa. Na kadiri jua lilivyopanda ikawa vitu vya namna hiyo vinazidi kuja, vitu ambavyo hakuna aliyevitangazia mbiu, mpaka vikawa vingi kuliko vilivyodaiwa. Sultani akaacha kuuliza ni nini, akawa anatazama tu watu wake, mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua.

Ilipofika adhuhuri zilikuwa zimebaki nyumba chache, na kubwa yao ni ya Waziri. Waziri hakutoa kitu. Alidhani hakuna atakayethubutu kuvuka kizingiti chake. Lakini Pandu alikuwa ameambiwa kila kitu popote kilipo, naye alikuwa mtu wa kufanya kama alivyoambiwa. Akabisha hodi, akaingia, na Sultani akaondoka kitini akamfuata nyuma, na watu nyuma ya Sultani.

Katika ghala ya Waziri mlikuwa na magunia ya mchele wa gereza, na mbele ya magunia palikuwa na mablanketi ya wafungwa, yamekunjwa, yamepangwa mpaka darini, kila moja na alama ya gereza pembeni. Yalikuwa mapya. Hakuna aliyewahi kuyalalia.

Waziri akalamba midomo. "Maulana, huyu ni Vuai. Mwenyewe Pandu amesema asiyejua hana kosa."

Sultani akamgeukia Pandu. Pandu alikuwa ameshika blanketi moja, analipima uzito wake kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sauti ile ile aliyosemea na muuza maziwa:

"Ni kweli, Maulana, haya ndiyo aliyoiba ndugu yangu. Aliyachukua yasifike mabegani mwake mwenyewe, wala mabegani mwa wafungwa wenziwe. Akapita katika mlango uliofungwa, akayaleta hapa, akayakunja vizuri. Akaleta na mchele wake aliokuwa ale. Kisha akarudi gerezani, akajifungia mlango kwa nje, akalala juu ya mawe, akakohoa mwezi mzima, akafa. Mwizi kama huyu mimi sijapata kumsikia."

Sultani hakucheka. Akamwambia Waziri, "Sefu, kila Ijumaa ulikuwa ukiniambia nini?"

"Kwamba hakuna mwizi, Maulana."

"Na mimi nikikujibu nini?"

"Alhamdulillahi."

"Basi nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa uongo," akasema Sultani, "na kila wiki nikipewa nafasi ya kuuliza, sikuuliza." Akawaita askari, wakamchukua Waziri wakampeleka gerezani, chumba kile kile. Pandu akawafuata mpaka mlangoni na blanketi lile mkononi, akampa askari, akasema, "Mpeni alale nalo. Humo ndani mna baridi." Na yaliyobaki yakagawiwa wafungwa jioni ile.

Ijumaa ikafika. Msikiti ukajaa, kwa kuwa kila mtu aliogopa kutoonekana. Baada ya sala Pandu akasimama karibu na kibla, akasema kama alivyosema siku ya maziko, "Jamaa, mwenye kumdai marehemu Vuai bin Khatibu, aseme."

Hapana aliyesema. Bwana Ngwali alikuwa anazitazama kucha zake. Pandu akangoja mpaka akatosheka, akataka kukaa.

Sultani akasema, "Usikae. Umeuliza nani anamdai yeye. Uliza na yeye anamdai nani."

Pandu hakuwahi kusikia mtu akiuliza hivyo katika mji ule, lakini aliambiwa aulize, akauliza. "Jamaa, marehemu Vuai anamdai nani?"

Sultani akainuka katika safu ya mbele, akasema, "Mimi. Nilimpa jina la wizi wa watu wote kwa sababu ya kuku mmoja, wala sikwenda kutazama amelala wapi. Pandu, wewe ndiye mrithi wake. Nisamehe."

Watu wengine nao wakaanza kuinuka, huyu wa punda, yule wa jiwe la mpaka, muuza maziwa, mmoja baada ya mmoja, mpaka waliokaa wakawa wachache, na hao waliokaa ni wazee wasioweza kusimama kwa miguu. Mwisho akainuka Bwana Ngwali.

Pandu akawatazama wote. Machozi ambayo hayakumtoka siku ya maziko yakamtoka hapo. Akasema, "Maulana, mimi nimerithi kitanda na mtungi. Msamaha wake sikuurithi, anao mwenyewe huko aliko. Ninaloweza ni kumwombea, na nyinyi mwitikie, huenda akasikia sauti zenu."

Sultani akatoka safu ya mbele akakaa mkekani pamoja na watu, mabega yakigusana, wakasoma khitma mpaka ikaisha. Kisha Pandu akainua mikono akaomba, nao wakaitikia:

"Ewe Mola wetu, mja wako Vuai bin Khatibu amekuja kwako bila kitu mkononi. Alichokichukua, mwenye mali amemsamehe, nawe msamehe. Asichokichukua, Wewe wamjua aliyekichukua, nasi tulikuwa hatumjui. Mfungue kamba aliyofungwa kwa ajili yetu. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, umfunike kwa rehema yako. Mkutanishe na mkewe pasipo njaa. Na sisi tuliobaki nyuma yake, tusioonekana ila na Wewe, tujaalie turudishe kabla ya kuulizwa, na siku yetu ikifika tupate wa kutuombea kama tunavyomwombea yeye. Amina."